Mfuko wa dharura chuoni: tunamjuaje mwenye shida kweli bila kumvua nguo mbele za watu?

mzee_wa_Rau

Wakuu habari za jioni. Kuna jambo linatusumbua mimi na wenzangu, naomba mnisaidie mawazo, hata matusi tunapokea ila yasizidi.

Sisi ni watu tuliomaliza chuo kimoja hapa Moshi (sikitaji, msinifuate inboksi), tuna grupu la wasap ambalo miaka yote kazi yake ilikuwa rambirambi na kadi za harusi. Mwaka juzi mwenzetu mmoja akashuka stendi saa nne asubuhi, akanunua ndizi za kuchoma kwa binti mmoja, wakapiga stori, kumbe binti ni mwanafunzi wa chuo chetu chetu, mwaka wa kwanza, na hajaingia darasani wiki tatu. Mkopo wa bodi ya mikopo anao na ada sehemu kubwa imelipwa. Kilichomtoa ni vile vihela vya pembeni, bima ya NHIF 50,400, ya TCU (tume ya vyuo vikuu) 20,000, mchango wa serikali ya wanafunzi, kitambulisho, sijui nini, na asipolipa mfumo haumsajili, asiposajiliwa hasaini bumu (ile hela ya kujikimu ya mkopo), na asiposaini bumu hizo hela azitoe wapi? Laki na ishirini inamtoa mtu chuo wakati ada ya zaidi ya milioni ishalipwa!

Tukaona aibu, tukachanga, ikapatikana milioni nne na ushee. Tukatangaza fomu. Ndani ya wiki moja fomu zikapita mia mbili na hela inatosha watu thelathini kwa kubana. Hapo ndo tukaharibu. Tukajifanya na sisi ni bodi, tukadai cheti cha kifo, barua ya mwenyekiti wa kijiji yenye muhuri, na picha ya nyumba ya wazazi. Hilo la picha ni wazo langu mimi, naliandika hapa nikiwa nimeinamisha kichwa.

Matokeo: mmoja wa tuliowapa tukamuona mwezi uliofuata kwenye status anakata keki ya bethidei hotelini, sawa labda kafanyiwa, sijui. Ila kuna kijana mmoja aliandika mistari miwili tu, "Nimebakiza 85,000 nisajiliwe. Nitashukuru." Hana barua wala cheti, tukamweka pembeni tukasema hayuko siriasi. CR wake (kiongozi wa darasa) akaja kutuambia dogo kaondoka, yuko machimboni Mererani anachekecha udongo.

Mwaka huu tunachanga tena. Swali langu, mwenye shida anajulikanaje? Na ukishamjua unampaje?

---

chalii_wa_Kijenge

Mzee rudisheni hela kwa wenyewe mle nyama choma hapa Arusha mkapumzike. Wanafunzi wa siku hizi wana simu kali kuliko yako, bumu likiingia Ijumaa mpaka Jumapili kashapiga viatu na wigi, Jumatatu anaandika barua ya kusikitisha. Mimi nimesoma kwa msoto, pasi ndefu (mlo mmoja kwa siku) miaka mitatu, na hamna aliyenichangia.

---

karani_mstaafu

Mleta mada usimsikilize huyo chalii, anaandika akiwa ameshiba.

Nimekaa dawati la mikopo miaka tisa kwenye chuo kimoja (sio chenu), ngoja nikwambie nilichokiona. Toka bodi ianze kazi 2005 sisi wote tumejifunza kutafuta maskini kwa karatasi, na karatasi ina macho mawili matatu tu. Inaona mzazi aliyekufa maana ana cheti kimehakikiwa RITA (wakala wa vizazi na vifo). Inaona ulemavu. Inaona kaya ya TASAF (mpango wa serikali wa kaya maskini). Hao wapewe, sina ugomvi. Shida ni ambao karatasi haiwaoni.

Nilikuwa na binti wa Rombo, baba yake aliondoka nyumbani yeye akiwa darasa la pili, wanasikia yuko Tunduma ana familia nyingine. Jina la baba lipo kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo hakuna kwasababu mtu hajafa, kwahiyo kwenye fomu yule binti ana wazazi wawili na hao wawili mmoja ni wa wino. Mwingine alisomeshwa sekondari ya kulipia na mfadhili wa parokia, yule mfadhili akarudi kwao Ujerumani na barua pepe hajibu, sasa ukimwambia mtoto lete barua ya aliyekusomesha anaitoa wapi? Bila ile barua anaonekana katoka familia yenye uwezo, eti si alisoma shule ya kulipia. Na TASAF pale kijijini watu huwa wanatajwa kwenye mkutano wa hadhara, ni utaratibu mzuri tu, lakini kama mlikuwa mnajiweza siku ya kuandikisha alafu baba kapooza mwaka jana, nyie hamumo. Umaskini mpya hauna muhuri.

Sasa hapa ndo pa kushika. Chuo chenyewe kinajua zaidi kuliko fomu yoyote ile ila hakijui kama kinajua. Uhasibu wanaona kontroo namba (ile ya kulipia ada na michango) imetengenezwa toka mwezi wa kumi na imelala haijalipwa. Usajili wanaona wiki ya nne mtu hajajisajili. Maneja wa hosteli anajua nani kahama chumba usiku na begi moja. CR anajua nani haji vipindi vya asubuhi maana anatembea kwa mguu toka mbali. Kila ofisi ina kipande chake na hawakai meza moja.

Kitu kimoja nilichojifunza mwenyewe bila kufundishwa na mtu, angalia taarifa ya malipo ya mwanafunzi. Nilikuwa na mmoja alilipa laki moja kwa mara kumi na moja. Elfu kumi, elfu saba, elfu tano, elfu ishirini, kuna siku kalipa 3,500. Mwenye nazo halipi ada kwa 3,500. Ile karatasi ilinionyesha mama anauza mchicha, mjomba kaombwa, dogo kabeba zege Jumamosi, yote hayo bila picha ya nyumba. Nilimwita nikamuuliza swali moja tu, umebakiza ngapi? Sio "una shida gani", maana hilo ukimuuliza kijana wa kiume atakwambia hana shida mzee, yuko poa.

Kwahiyo ushauri wangu, fomu acheni. Nendeni ofisi ya mlezi wa wanafunzi mkubaliane, wiki ya tatu au ya nne yeye achukue majina ya ambao hawajasajiliwa, awapigie mmoja mmoja. Nyie msiyaone majina! Kuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo, mtu aliyemaliza chuo zamani hana haki ya kujua baba wa mtoto wa watu yuko wapi. Nyie toeni hela, mpewe hesabu, wangapi na kiasi gani, inatosha. Na hela isipite mfukoni kwa mwanafunzi, ilipwe moja kwa moja kwenye kontroo namba yake. Mtu wa keki hawezi kukata keki kwa kontroo namba.

---

mama_wawili

Habari zenu. Mimi sio msomi, mwanangu ndo kanionyesha hii mada kwasababu ninauza chakula karibu na geti la chuo, miaka kumi na mbili sasa.

Karani amesema ofisi, amenisahau mimi. Mimi najua kabla ya hao wote. Mwanafunzi anaanza kwa wali nyama. Alafu wali maharage. Alafu anakuja anasema mama nipe wali tupu na mchuzi. Alafu wanakuja wawili wanaagiza sahani moja na vijiko viwili, wanacheka cheka kama vile ni utani. Alafu haji. Ukiona haji na hadaiwi ujue huyo ndo mwenye shida, kwasababu anayedaiwa angalau ana uso wa kukopa. Wengine wanakuja baada ya saa tisa nikiwa naosha masufuria, wanajua makande yaliyobaki siyapimi.

Nina daftari la madeni, na toka bumu lipande ile 2022 kutoka 8,500 kwa siku kuwa 10,000 (na mimi nilipandisha sahani, nisiwadanganye) watu wanalipa vizuri tu bumu likitoka. Njaa kubwa ni kuanzia chuo kinafunguliwa mpaka bumu la kwanza, hapo ndo pabaya. Mwaka wa kwanza ndo wanaumia zaidi maana hawajazoeana na mtu, hata kukopa hawajui pa kuanzia.

Ila mzee_wa_Rau ukija kwangu kuniomba majina sikupi. Mtoto wa mtu amekula kwangu kwa siri alafu nimtaje? Ila ukiniletea hela ya sahani kumi kwa siku kwa hizo wiki sita za mwanzo mimi nitajua pa kuzipeleka. Sahani ya wali maharage 1,500, piga hesabu mwenyewe.

---

chalii_wa_Kijenge

Mama shikamoo, kwa heshima zote, nani atakukagua? Sahani kumi zinaweza kuwa nne na kwenye kitabu zikaandikwa kumi.

---

mama_wawili

Marahaba mwanangu. Ndio zinaweza. Kama zile fomu mia mbili.

---

mpare_mbishi

Mimi ni mwanafunzi, mwaka wa tatu, natokea Same huko juu milimani. Sio chuo cha mleta mada nadhani, au ndicho, haina shida.

Niwaambie kwanini watu kama mimi hatujazi fomu zenu. Umaskini wangu nimeshauandika mara tano. Kwenye maombi ya mkopo, kwenye rufaa, kanisani, kwa mbunge, na kwa taasisi moja hivi iliyotaka insha ya kurasa mbili "inayogusa". Kila mara unamtafuta mwenyekiti wa kitongoji, hayupo kaenda shamba, unaacha nauli ya kurudi kesho, unaenda kwa mwanasheria kugonga muhuri unalipa, fotokopi unalipa, kuskani unalipa. Maombi ya mkopo peke yake ni 30,000. Kuomba kuitwa maskini ni gharama wakuu, asiye na kitu kabisa hawezi hata kuomba.

Alafu hiyo picha ya nyumba. Kwetu kuna nyumba ya tofali za kuchoma, bati jekundu, vioo, ukiiona utasema hawa wako vizuri. Ni ya baba mdogo, yuko Dar, anakuja Desemba na wanawe wanalala siku tano wanafunga wanaondoka na funguo. Sisi na mama tuko nyuma kwenye ile ya zamani, jiko lake moshi unatokea ukutani. Sasa nikipiga picha uwanja wa nyumbani hiyo nyumba ya bati jekundu inaingia tu hata nikijikunja. Nilishawahi kupiga picha nimeegemea mti wa parachichi ili mti uizibe. Siku ile nilijiona nimekuwa tapeli kwenye umaskini wangu mwenyewe.

Na hata nikipata, majina mnabandika ubao wa matangazo! Chuoni kwetu mwaka wa kwanza walibandika "WANUFAIKA WA MSAADA KWA WANAFUNZI WASIOJIWEZA" kwa herufi kubwa, namba ya usajili, jina, kozi. Kuna kaka alikuwa ananipenda pale. Tuliishia hapo.

Kwahiyo karani nakuunga mkono, swali la "umebakiza ngapi" mngeniuliza mwaka wa kwanza ningejibu palepale. Jibu lilikuwa 64,000. Na jamani toeni mapema, mwaka jana nilipewa msaada baada ya UE (mitihani ya mwisho) kuisha, nilikuwa nishakosa mtihani mmoja kwasababu sikuwa na kibali cha kuingia, nikaurudia mwezi wa tisa nikiwa natoka Same na kifurushi cha ndizi, nalala kwa rafiki Pasua siku nne.

---

dereva_wa_Namanga

Mimi nina mtoto anasoma upande wa pili, Kenya. Kule 2023 serikali ilikuja na mpango mpya, kila mwanafunzi anajaza maswali mengi kwenye mfumo, kompyuta inampanga kwenye daraja kuanzia la kwanza mpaka la tano, la kwanza ndo asiye na kitu, la tano ndo mwenye nacho. Kelele zake mlizisikia. Watoto wa bodaboda wamewekwa madaraja ya juu, mapacha wa nyumba moja eti madaraja tofauti (hili la mapacha nimesikia kijiweni, msininukuu), vijana wakaingia barabarani, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema utaratibu ule unakiuka katiba, serikali ikakata rufaa. Nachosema sio kwamba kompyuta mbaya. Ila ukishaanza kumpanga mtu daraja lazima uwe na mlango wa yeye kusema hapana mmekosea, na mlango uwe karibu, sio wa kusafiri nao kilomita mia mbili.

---

fundi_wa_Tengeru

Mada nzuri. Niongeze la kazi maana wengi hapo juu mmeongelea kugawa tu. Nilikosoma mimi Arusha waliwahi kutupa kazi za ndani, kupanga vitabu maktaba, bustani, kuingiza data, unalipwa kwa saa. Mimi binafsi iliniokoa na hamna aliyejua kama mimi ni maskini, walijua mimi ni jamaa wa maktaba tu. Ila walikuja kuharibu wenyewe, nafasi zikaanza kwenda kwa wanaojuana na maafisa, na malipo yakawa yanachelewa mpaka miezi mitatu, sasa mtu wa pasi ndefu unamcheleweshea miezi mitatu si bora angeenda kubeba mizigo soko la Kilombero alipwe jioni. Kama mnaweza mzee lifikirieni, ila malipo kila Ijumaa bila stori.

---

chalii_wa_Kijenge

Sawa, mpare_mbishi umenigusa na huo mti wa parachichi, naondoa lile neno la wigi. Ila bado nauliza, mkiweka simu ya mlezi kuwapigia wasiosajiliwa, mwakani si watu watachelewesha kujisajili makusudi ili wapigiwe?

---

karani_mstaafu

Watakuwepo, wachache. Lakini fikiria, mtu asiposajiliwa hasaini bumu. Nani atajinyima laki sita za siku sitini ili alipiwe 70,000? Huyo mwerevu wenu hesabu itamkataa. Na atakayepenya mmoja, apenye. Mimi nimeshaona kamati inatumia vikao vitano na posho za chai kuzuia mtu mmoja asile elfu themanini.

---

mzee_wa_Rau

Wakuu nimesoma zote, nyingine mara mbili. Nimezituma kwenye grupu, mhazini wetu kanipigia usiku huu huu.

Fomu tunazifuta. Mlezi wa wanafunzi nitaenda kumuona Jumatatu, nimwombe wiki ya tatu apige simu, sisi tulipe kwenye kontroo namba na tupewe hesabu bila majina. Hapo kuna mtu kwenye grupu ameshaanza, "sasa tutapigaje picha ya kukabidhi hundi?" Nimemwambia picha atapiga kwenye harusi ya mwanae. La kazi za kulipwa fundi nimelipokea ila kwa mwaka huu hela haitoshi, tukianza tukashindwa kulipa Ijumaa mbili tutakuwa tumewaumiza zaidi.

Yule dogo wa 85,000 CR wake ana namba yake. Nimeipiga leo mchana, haipatikani, nitaendelea kuijaribu. Chuo kikikubali kumpokea mwakani ile hela yake iko pembeni, hiyo haigawiwi mtu mwingine.

mpare_mbishi samahani mwanangu, kwa niaba ya wote waliowahi kukuomba picha.

Mama_wawili, sahani kumi mara siku arobaini na mbili ni 630,000. Grupu wamekubali nusu kwanza tuone inavyoenda. Jumamosi nitakuja na mhazini tuongee, saa sita tukukute?

---

mama_wawili

Saa sita kuna foleni sitawasikia. Njooni saa tisa na nusu, mkae pale nyuma kwenye benchi la masufuria, msivae suti.